Waya za Meno kwa Mtoto: Ijue Sababu Kabla ya Kulipa

Mzazi anayefikiria kumwekea mtoto waya za meno hukutana na majibu mawili yanayopingana. La kwanza ni kwamba waya ni urembo wa wenye pesa, na meno yaliyopinda hayajapata kumuua mtu. La pili, linalosikika zaidi kwenye matangazo ya kliniki, ni kwamba meno yasiyopangika ni ugonjwa: yataoza, fizi zitaharibika, taya litauma, na kila mwaka unaopita unapunguza nafasi ya kupona. Majibu yote mawili yana kosa lile lile, nalo ni kuyatia meno yote yaliyopinda kwenye kapu moja. Yapo matatizo ya mpangilio wa meno yanayodhuru afya. Ni machache na yanatajika moja moja. Yapo mengine, na ndiyo mengi, yasiyogusa chochote isipokuwa sura, na pengine hata sura hayaiharibu. Mwongozo huu ni wa kuyatenganisha, kwa kuwa sababu ikibadilika, mambo mawili hubadilika nayo: muda na mwenye uamuzi. Penye sababu ya afya mara nyingi pana umri ambao ukipita kazi huwa ngumu, na mzazi ndiye wa kuamua. Penye sababu ya urembo hakuna haraka, na wa kuamua ni mwenye kinywa chake.

Si kila jino lililopinda lina kasoro

Tuanze na kipimo. Mwaka 2009 Matilda Mtaya na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 1,601 wa Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, wenye umri wa miaka 12 hadi 14. Asilimia 63.8 ya watoto hao walikutwa na angalau tofauti moja ya mpangilio wa meno. Ukiisoma takwimu hiyo kwa haraka utadhani jiji zima linahitaji waya. Lakini jambo walilonalo karibu watoto wawili kati ya watatu ni vigumu kuliita ugonjwa. Huenda ni namna tu ambavyo vinywa vya binadamu vinatofautiana. Miongoni mwa tofauti zilizohesabiwa ni nafasi baina ya meno, iliyoonekana kwa takriban mtoto mmoja kati ya watano. Sasa, Afrika Mashariki mwanya wa meno ya mbele husifiwa kuwa ni uzuri, na Nigeria wapo watu wazima wanaomlipa daktari awatengenezee. Kitu kile kile kinaandikwa kasoro kwenye fomu ya utafiti na kuhesabiwa pambo mtaani. Hilo halimaanishi kwamba utafiti umekosea. Linamaanisha kwamba kuhesabu tofauti ni kazi moja, na kuamua ipi inahitaji tiba ni kazi nyingine.

Mkanganyiko huu una historia. Mwaka 1899 Edward Angle, daktari wa meno wa Marekani, alichapisha mgawanyo unaoeleza jinsi magego ya juu na ya chini yanavyokutana, na hadi leo madaktari huutumia. Mpangilio aliouweka kileleni ulikuwa mfano wa kulenga, mdomo wenye kila jino mahali pake. Mfano wa kulenga unamfaa fundi anayejua anakotaka kufika, ila haufai kuwa mpaka kati ya mzima na mgonjwa, kwa sababu wazima wengi wanabaki nje yake. Ndiyo maana mwaka 1989 Peter Brook na William Shaw wa Uingereza walitoa kipimo chenye sehemu mbili zinazojitegemea. Sehemu ya kwanza hupima afya kwa madaraja matano, la kwanza likiwa halina haja ya tiba na la tano likiwa na haja kubwa. Sehemu ya pili hupima sura kwa kulinganisha meno ya mtoto na picha kumi. Huduma ya afya ya umma ya England hutumia kipimo hicho kuamua ni mtoto gani aliye chini ya miaka 18 atibiwe bila malipo: daraja la nne na la tano hupita, la tatu hupita tu kama sura nayo imefikia picha ya sita au zaidi, na waliobaki wakitaka waya hujilipia. Hazina inayolipa kwa kodi za watu ililazimika kuuliza swali ambalo na wewe unapaswa kuuliza. Kwa hiyo ukifika kliniki, usiulize kama mtoto anahitaji waya. Uliza yuko daraja la ngapi kwa upande wa afya, na ni kitu gani hasa kimemweka hapo.

Sababu za afya zenye uzito

Ya kwanza ni meno ya mbele ya juu yaliyotokeza sana. Kwa kawaida meno ya juu huyatangulia ya chini kwa milimita mbili au tatu. Yakizidi milimita sita mtoto anaingia daraja la nne, yakizidi tisa anaingia la tano. Hatari yenyewe ni kuanguka: mtoto mwenye meno ya nje akianguka na baiskeli au akigongwa uwanjani, meno hayo hutangulia kupokea pigo, na midomo isiyofunga vizuri haiyakingi. Jino la ukubwani lililovunjika katika umri wa miaka tisa litahitaji matengenezo tena na tena maisha yote. Hata hivyo, ushahidi unatuwekea mpaka. Mapitio ya taasisi ya Cochrane, yaliyohuishwa mwaka 2018, yalilinganisha watoto waliotibiwa mapema, kati ya miaka saba na kumi na mmoja, na wale waliosubiri hadi ujana. Mwishoni meno na taya za makundi yote mawili zilikuwa karibu sawa. Faida iliyobaki kwa waliowahi ni moja: meno yao ya mbele yaliumia mara chache zaidi. Kwa hiyo kuwahi kuna maana kwa mtoto ambaye meno yametokeza sana na anaanguka au kucheza michezo ya kugongana. Kwa wengine, kizuizi cha mpira cha kuvaa mdomoni wakati wa mchezo hulinda meno kwa gharama ndogo zaidi, na tiba husubiri.

Ya pili ni chonge za juu, na hii wazazi wengi huikosa kwa sababu haionekani. Chonge za ukubwani hutoka kuelekea miaka 11 hadi 13, na kwa takriban watu wawili kati ya kila mia, moja au zote mbili hupotea njia na kukwama ndani ya mfupa. Chonge iliyopotea inaweza kuila mizizi ya meno jirani ya mbele bila maumivu yoyote. Mtoto akiwa na miaka tisa au kumi, daktari apapase ufizi kwa nje, juu ya chonge ya utotoni. Pakiwa na kivimbe kigumu pande zote mbili, mambo yanakwenda sawa. Kikikosekana mpaka miaka 10 au 11, au kikiwa upande mmoja tu, eksirei inahitajika. Nchini Sweden, Sune Ericson na Jüri Kurol waliripoti mwaka 1988 kuwa kung'oa tu chonge ya utotoni kwa watoto wa miaka 10 hadi 13 kulizirudisha njiani chonge 36 kati ya 46 zilizokuwa zimepotea. Tazama thamani ya kuwahi hapa: jino moja la utotoni linang'olewa, waya haiwekwi, na upasuaji wa baadaye unaepukwa. Wazo hilo hilo linatumika kwa jino lolote: jino la upande mmoja likitoka na mwenzake wa upande wa pili akakawia zaidi ya miezi sita, usingoje, nenda ukapige picha.

Ya tatu ni meno ya juu yanayofunga kwa ndani ya yale ya chini. Mwambie mtoto afungue mdomo, kisha aume taratibu kwa magego huku ukimtazama kidevu. Kidevu kikiteleza kwenda upande mmoja ndipo meno yakutane, taya linalazimishwa kutafuta pa kukaa. Tatizo hili hurekebishwa kwa urahisi zaidi kabla ya balehe, wakati nusu mbili za kaakaa hazijashikana kabisa na kifaa cha kulipanua kinafanya kazi bila upasuaji. Jino moja la mbele la juu lililonaswa nyuma ya la chini nalo halifai kuachwa, kwa sababu kila mtoto anapouma, lile la chini husukumwa nje na ufizi wake hushuka; mara nyingi pleti ya kuvaa kwa miezi michache inatosha. Ongeza hapo meno ya chini yanayochoma kaakaa, meno ya mbele yasiyokutana kiasi kwamba mtoto hawezi kukata hindi la kuchoma, meno kadhaa ambayo hayakuumbika, na mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura au kaakaa lililopasuka. Huyu wa mwisho anahitaji daktari wa kupanga meno tangu mapema kama sehemu ya timu moja na madaktari wa upasuaji, kwa sababu kupandikiza mfupa kwenye mwanya wa ufizi hupangwa kabla chonge haijatoka. Orodha imeishia hapo, au karibu na hapo. Ikiwa mtoto wako yumo, sababu yako ni ya afya na saa inakwenda.

Sababu za afya zinazotiwa chumvi

Sababu inayotajwa zaidi haimo kwenye orodha hiyo: kwamba meno yaliyobanana yataoza na kuleta ugonjwa wa fizi. Hoja ina mantiki, kwani mswaki hupita kwa shida penye meno yaliyopandana. Lakini ilipochunguzwa haikusimama. Mwaka 2008 Anne-Marie Bollen wa Marekani na wenzake walipitia tafiti zilizolinganisha watu waliowekewa waya na wasiowekewa. Hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba waya huboresha afya ya fizi, na pale palipokuwa na tofauti, ilikuwa ndogo na ikiwaelemea waliovaa. Ujerumani, ambako bima za umma hutumia zaidi ya euro bilioni moja kwa mwaka kupanga meno, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali aliuliza mwaka 2018 fedha hizo zinanunua nini. Taasisi ya IGES, iliyopewa kazi na wizara ya afya ya huko, ilijibu mwaka uliofuata kwamba tafiti zilizopo hazitoshi kuonyesha kuwa tiba hiyo hupunguza kuoza, magonjwa ya fizi au kupoteza meno miaka ya mbele. Taasisi haikusema tiba haina maana. Iliona dalili kwamba wagonjwa huridhika zaidi na maisha yao. Ilichosema ni kwamba ahadi ya kuzuia kuoza haijathibitishwa. Hali ni hiyo hiyo kwa maumivu ya kiungo cha taya: kwa ushahidi uliopo, waya hazileti maumivu hayo wala hazizuii.

Mtu atauliza: mbona watoto wenye meno yaliyooza mara nyingi ndio hao wenye meno yaliyopangika vibaya? Kwa sababu mara nyingi mambo huanzia upande wa pili. Gego la utotoni linapooza na kung'olewa mapema, meno ya nyuma yake husogea mbele na kuziba nafasi iliyokuwa ikimsubiri mrithi wake. Mrithi akija anakuta mlango umefungwa, anatokea pembeni. Kuoza ndiko kulikotangulia, na mpangilio mbaya ukafuata. Kama hofu yako ni kuoza, dawa yake ni mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, sukari kidogo na kuziba matundu mapema. Kama fedha yako inatosha jambo moja tu, kuziba gego la mtoto wa miaka sita kunalinda afya kuliko kunyoosha meno ya mtoto wa miaka kumi na tatu yaliyopinda kidogo.

Urembo ni sababu halali, ila iitwe urembo

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani mwongozo huu unaupuuza urembo. Sivyo. Uso ndio tunaoingia nao kila mlango, na mtoto anayeziba mdomo kila anapocheka ana mzigo wa kweli. Jadbinder Seehra na wenzake walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa watoto 336 wa Uingereza, wenye miaka 10 hadi 14, waliofika kliniki za kupanga meno: asilimia 12.8 walikuwa wakionewa na wenzao. Kumwambia mtoto wa namna hiyo kwamba meno yake hayana ugonjwa ni kweli isiyomsaidia. Mzazi mwenye uwezo anayemlipia mtoto waya kwa sababu hiyo hafanyi anasa ya kuonewa aibu. Asidanganywe tu kwamba ananunua afya, wala asimdanganye mtoto.

Asitarajie pia zaidi ya kile kinachouzwa. Kuna dhana kwamba meno yaliyonyooka hujenga mtu anayejiamini na kufanikiwa ukubwani. Dhana hiyo ilipimwa. Huko Cardiff, Wales, watoto 1,018 wa miaka 11 na 12 walichunguzwa mwaka 1981, na miaka 20 baadaye 337 kati yao wakachunguzwa tena. Waliotibiwa walikuwa na meno mazuri zaidi na waliyapenda zaidi, lakini mchango wa tiba katika hali yao ya kisaikolojia ukubwani ulikuwa mdogo mno. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2019, uliowafuata watu 448 tangu umri wa miaka 13 hadi 30, nao haukuona kwamba waliovaa waya utotoni wana furaha au kujiamini kuwazidi wasiovaa. Ukiunganisha matokeo haya na yale ya uonevu, unapata picha yenye mizani: waya zinaweza kumwondolea mtoto kero ya leo, na hiyo ni faida, haziwezi kumpa tabia ambayo hana. Na kwa kuwa faida inakaa ndani ya hisia za mtoto, yeye ndiye mwenye kipimo. Kama mwanya wake haumsumbui bali unamsumbua shangazi, hakuna tatizo la kutibu.

Je, samaki hukunjwa angali mbichi?

Pingamizi kubwa dhidi ya kusubiri huja kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Mfupa wa mtoto ni laini, basi tuwahi. Methali inasema kweli kuhusu taya, hasa lile kaakaa linalopanuliwa kabla ya balehe. Haisemi kweli kuhusu jino. Jino husogea kwa sababu mfupa unaolizunguka huyeyuka upande linakosukumwa na kujengeka upande linakotoka, na kazi hiyo haikomi utotoni. Watu wazima wa miaka 30 na 50 huvaa waya na meno yao husogea, ingawa huenda ikachukua muda mrefu zaidi kidogo. Kwa meno yaliyopinda tu, wakati unaofaa zaidi ni pale karibu meno yote ya ukubwani yamekwisha kutoka, kuanzia miaka 11 hadi 14. Kuanza na miaka minane kwa ajili ya sura mara nyingi ni kulipa awamu mbili kwa matokeo ya awamu moja. Pia umri wa miaka saba hadi kumi na mmoja hudanganya macho: meno ya mbele ya juu hutoka makubwa, yametawanyika na yana mwanya katikati. Chonge zikishuka huyasukuma, na mara nyingi mwanya hupungua au hufungika wenyewe. Mzazi anayekimbilia waya kipindi hicho anaweza kulipia jambo ambalo mwili ulikuwa njiani kulifanya bure.

Gharama zisizomo kwenye ankara

Kusubiri kuna thamani kwa sababu tiba yenyewe ina bei ambayo haiandikwi kwenye risiti. Waya hukaa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wakati mwingine zaidi, na mtoto hurudi kliniki kila wiki nne hadi nane. Kwa familia iliyo mbali na miji mikubwa, ambako ndiko waliko madaktari bingwa wengi, nauli na siku za shule zinazopotea zinaweza kushindana na bei ya waya zenyewe. Chakula hunasa kwenye vibati; mtoto asiyesafisha vizuri hutolewa waya akiwa na meno yaliyonyooka yenye mabaka meupe, ambayo ni mwanzo wa kuoza. Ncha za mizizi hufupika kidogo kwa wengi, na kwa wachache hufupika kiasi cha kutia wasiwasi. Kisha meno hutaka kurudi yalikotoka. Robert Little na wenzake wa Seattle waliwafuatilia watu 65 waliong'olewa meno manne na kupangwa meno utotoni. Katika taarifa yao ya mwaka 1981, angalau miaka kumi baada ya kuacha kuvaa riteina, ni pungufu ya asilimia 30 waliobaki na meno ya mbele ya chini yaliyopangika vizuri. Funzo lake ni kwamba riteina, kile kifaa cha kuyashikilia meno baada ya waya kutolewa, ni ya miaka mingi, kwa wengine kila usiku wa maisha yao. Mtoto asiyekubali hilo kwa hiari atakuwa amevaa waya bure, na hii ni sababu nyingine ya kumsubiri aombe mwenyewe.

Kuna pia mambo ambayo waya haziwezi kuyaondoa. Katika maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, maji yenye floraidi nyingi huyapa meno rangi ya kahawia. Mtoto anayesema hayapendi meno yake huenda analalamikia rangi, na waya zitamwachia rangi ile ile kwenye meno yaliyonyooka. Muulize kinachomkera kabla hujampeleka. Mwonye pia kuhusu njia za mkato. Kufunga mwanya kwa mpira mdogo wa kuzungushia meno mawili kumewagharimu watoto meno yao, kwa sababu mpira huteleza chini ya ufizi, hupanda kwenye mzizi na kulegeza jino zima. Waya bandia za mtindo, zinazobandikwa na mtu asiye daktari, zimepigwa marufuku Thailand kwa kuhatarisha afya. Urembo unaweza kungoja. Ukishindwa kungoja, angalau usiukabidhi kwa fundi wa kucha.

Kinga inayogharimu kidogo

Sehemu ya matatizo ya mpangilio huzuilika nyumbani. Yalinde meno ya utotoni, maana ndiyo yanayoshika nafasi. Jino likilazimika kung'olewa mapema, uliza kama kuna haja ya kifaa cha kuitunza nafasi hiyo. Mtoto anayenyonya kidole hana neno akiwa na miaka miwili, ila asaidiwe kuacha kabla meno ya mbele ya ukubwani hayajatoka, kwenye miaka sita hivi, la sivyo kidole kitayasukuma mbele na kuyazuia yasikutane. Na mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha apelekwe kituo cha afya, asikatwe fizi kwa madai ya meno ya plastiki au nailoni. Vinavyong'olewa hapo ni vichipukizi vya chonge za utotoni. Jeraha humweka mtoto kwenye hatari ya maambukizi na linaweza kuharibu chonge za ukubwani zilizolala chini yake.

Kabla ya kusema ndiyo

Mpeleke mtoto akaguliwe akiwa na miaka saba hivi, si kwa ajili ya waya bali kutazama jinsi anavyouma na kama kuna jino lililonaswa. Mrudishe akiwa na miaka tisa au kumi kwa ajili ya chonge. Ukipendekezewa waya, muulize daktari maswali manne na uyaandike majibu. Ni tatizo gani hasa tunalotibu, na liko daraja la ngapi la afya? Nini kitatokea tusipofanya chochote? Nini kitaharibika tukisubiri mwaka mmoja au miwili? Bei nzima ni kiasi gani, ikiwemo picha, kung'oa, ziara zote na riteina? Soma pia masharti ya bima yako, kwa kuwa nyingi huiweka tiba hii kwenye fungu la urembo isipokuwa daktari ameandika sababu ya kitabibu. Kama jibu la swali la pili limeelekeza kwenye meno yaliyo hatarini kuvunjika, chonge iliyopotea, taya linaloteleza au mojawapo ya yale mengine yaliyotajwa, kubali na uanze kukusanya fedha leo. Kama jibu ni kwamba hatapendeza, mshukuru daktari, rudi nyumbani na umwulize mtoto, na usilipe malipo ya awali siku hiyo hiyo. Maoni ya daktari wa pili ni haki yako, na picha za eksirei ulizolipia uondoke nazo. Miezi sita ya kutafakari haiharibu meno yaliyopinda tu. Na kama jino la mtoto wako ni miongoni mwa yale yasiyoweza kungoja, daktari mkweli ataweza kukuonyesha kwenye picha ni lipi na kwa nini.